Sitara Mlangoni kwa Gharama Ndogo

Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mgeni hafiki ndani mara moja. Kwanza hukutana na daka, kibaraza kilichozama ukutani chenye viti vya mawe kushoto na kulia, akaketi na kusubiri. Akifunguliwa huingia tekani, ukumbi mdogo wenye kivuli uliogeuzwa kwa namna ambayo mpita njia, hata akitupa jicho, haoni ila ukuta mweupe. Baada ya hapo ndipo kiwanda chenye mwanga, kisha misana na vyumba vya wenyewe. Mwanamume aliyekuja kwa shughuli zake aliwekewa sabule, asiwe na haja ya kupita walipo wanawake.

Wengi wetu leo hatuna daka wala tekani. Tumo katika nyumba za ghorofa, Kisauni, Likoni au Majengo, ambako mlango ukifunguliwa tu, sebule yote imo machoni mwa aliye kwenye ngazi: mama aliyejinyoosha kochini, binti aliyevua mtandio, nguo zinazosubiri pasi. Muuza samaki na msoma mita wote huyaona yale ambayo nyumba ya wazee wetu iliyaficha hatua kwa hatua. Kwa hiyo anayetaka kuupendezesha mlango wake naye ana shilingi chache, naona aanze na sitara. Maua na picha zitafuata kukiwa na salio.

Adabu ya mlango tumefunzwa. Aya ya 27 ya Suratun-Nur inawaamrisha waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwasalimu wenyewe. Imepokewa pia kwamba Mtume (s.a.w.) alipowaendea watu hakuwa akiukabili mlango, bali alisimama upande wake wa kulia au wa kushoto, kwani nyumba za siku hizo hazikuwa na mapazia. Hayo ni ya mgeni. La mwenye nyumba ni kumrahisishia mgeni adabu hiyo, apate pa kusimama na pa kuelekeza macho.

Tazama kwanza mlango wako unafungukia wapi. Mara nyingi bawaba hufungwa upande wa ukuta wa karibu, ubao ukalalia ukutani na chumba kizima kikabaki wazi. Bawaba zikihamishiwa upande wa pili, ubao wenyewe huwa kiambaza: unaufungua nusu, unazungumza na aliye nje, na walio kochini hawaonekani. Ni kazi ndogo kwa seremala anayejua kazi yake, ingawa itambidi ahamishe kitasa na kuziba matundu ya zamani. Mpangaji amwombe ruhusa mwenye nyumba kwanza.

Ikiwa hilo haliwezekani, kuna pazia. Wengi hulitundika kwenye mwimo wenyewe, na kusi ikianza kuvuma halisitiri kitu. Fimbo yake ifungwe ndani zaidi, kiasi cha mita moja kutoka mlangoni, ili mlango ufunguke wote na anayeingia avue viatu kabla ya kulipita pazia. Hapo umejipatia tekani yako. Leso ni nzuri kwa macho lakini ni nyepesi, na taa ikiwa nyuma yake kivuli cha mtu huonekana. Bora kikoi kizito, au shuka mbili kuukuu zilizoshonwa pamoja. Upindo wa chini utie chubwi chache za wavuvi, upepo hautalicheza.

Kuhusu kioo, sikubaliani na wanaoshauri kiwekwe kuukabili mlango ili nyumba ionekane pana. Kioo cha namna hiyo humwonyesha aliye nje hata pembe ambayo mlango ulikuwa umeificha. Kitundike ukuta wa pembeni, kisha utoke, usimame kizingitini na utazame wewe mwenyewe kinaonyesha nini.

Viatu ndivyo vinavyoharibu sura ya mlango kuliko rangi iliyobabuka. Benchi fupi yenye rafu chini yake huvimaliza, na bibi aliyechoka kwa ngazi hupata pa kuketi, kama alivyopata kwenye daka. Mbao za paleti zinafaa na bei yake ni nafuu, ila tafuta muhuri juu yake: zenye herufi HT zilitibiwa kwa joto, na zenye MB zilifukizwa kwa sumu, usiziingize nyumbani. Zipigwe msasa vyema, watoto wasichomwe na vibanzi.

Walio katika nyumba za mawe ya matumbawe wana shida nyingine, ukuta unaotoa chumvi na kumenyeka. Saruji na rangi ya mafuta huuzidishia ugonjwa, kwa kuwa huufungia unyevu ndani. Kwangua, kisha paka chokaa nyepesi mikono mitatu juu ya ukuta uliorowanishwa, ukikinga macho na mikono maana chokaa huunguza. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, basi rangi hiyo iondoke yote. Kabla ya kugusa sura ya nje katika Mji wa Kale, uliza afisi ya Makumbusho ya Taifa.

Mwenye mlango wa kuchonga asiuze ili apate fedha za kukarabati. Atakaouweka badala yake hautafikia ule. Vumbi la nakshi hutoka kwa brashi laini, na shaba hung'aa kwa ukwaju uliorowekwa. Mbao zipakwe mafuta ya kitani. Sifa ya mashua pia hulinda mbao, lakini harufu yake itawafukuza wageni kabla hawajabisha hodi.

Mwisho ni kijani. Rehani na asmini hukua vyema ndani ya ndoo za rangi zilizotobolewa chini, penye jua la asubuhi. Visahani vyake vimwagwe maji kila wiki, mbu wasizaliane mlangoni, na chetezo cha udi kiwekwe nyuma ya pazia, mbali na nguo.