Hataza ya vali ya shokapu: mkaguzi anauliza nini, na muuza spea anahusikaje

SI ajabu kukuta kwenye boksi la shokapu, iwe Kariakoo, Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi au Kisekka mjini Kampala, maneno yanayosema kuwa bidhaa hiyo inalindwa kwa hataza. Hataza ni haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutengeneza, kuuza au kuagiza kutoka nje kitu alichokivumbua, kwa muda usiozidi miaka 20. Mfanyabiashara akisoma maneno hayo hujiuliza swali moja tu: nikiagiza za kiwanda kingine zinazofanana na hizi, kontena langu linaweza kukamatwa?

Jibu halimo kwenye boksi. Limo kwenye madai, yaani zile aya fupi zenye namba ndani ya hati ya hataza, zinazotaja mipaka ya kile kinacholindwa. Na mipaka hiyo huwekwa wakati wa ukaguzi.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ndani ya shokapu (mafundi wengine huiita shokomzoba) mna silinda yenye mafuta, fimbo na pistoni. Gurudumu likipanda tuta, pistoni husukuma mafuta nayo hulazimika kupenya kwenye matundu madogo. Ugumu huo wa kupenya ndio unaomeza mtikisiko na kuugeuza kuwa joto. Ndiyo maana shokapu ya lori lililotoka kwenye barabara mbovu huwa ya moto ukiigusa. Juu ya matundu hupangwa washa nyembamba za chuma. Mwendo ukiwa wa taratibu washa hujikunja kidogo, na mshtuko ukiwa wa ghafla hujikunja zaidi na kufungua njia pana. Upande mmoja wa pistoni hufanya kazi gurudumu linapopanda, upande wa pili linaposhuka. Mpangilio huo wote ndio vali.

Teknolojia hii ni ya zamani. Ford Model A, gari lililoingia sokoni mwaka 1927, lilikuwa na shokapu za mafuta. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alileta shokapu ya silinda moja yenye gesi iliyogandamizwa, ili mafuta yasifanye povu. Hataza za enzi hizo zilikwisha muda zamani na kiwanda chochote kinaweza kutumia ujuzi wake. Kwa hiyo anayeleta vali mpya leo anakuta karibu miaka mia moja ya hati mbele yake.

Mkaguzi wa hataza huanzia kwenye hati hizo. Duniani kote hataza hupangwa kwa mafungu, na vali za shokapu zimewekwa kwenye fungu F16F 9/34. Hapo mkaguzi hutafuta kama kitu hichohicho kimewahi kuandikwa au kuonyeshwa mahali popote kabla ya siku ombi lilipowasilishwa. Kikiwa kimo chote katika hati moja ya zamani, si kipya, na mjadala umekwisha.

Swali la pili ni gumu zaidi: je, kuna hatua ya kivumbuzi, au ni jambo ambalo fundi yeyote mwenye ujuzi wa kazi hiyo angelifikia bila taabu? Tuchukue mfano wa kubuni. Mwombaji anadai pistoni yenye matundu, washa za chuma, na springi ndogo inayozibana washa hizo. Mkaguzi anapata hati ya zamani yenye pistoni na washa, na nyingine yenye springi ya kubana washa kwenye vali ya aina hiyo. Ataandika kwamba kuunganisha viwili hivyo ni jambo la wazi. Mwombaji naye atajibu kwamba springi yake ina mbavu tatu zinazoifanya ibane kwa usawa hata mafuta yakiwa moto, jambo ambalo hati zote mbili hazikulitaja. Mkaguzi akikubali, mbavu tatu lazima ziingizwe kwenye dai.

Hapa ndipo muuza spea anapohusika. Dai lililoanza likiwa pana sasa limekuwa finyu. Vali ya kiwanda kingine yenye springi isiyo na mbavu haigusi dai lile moja kwa moja, hata kama boksi na umbo la nje vinafanana kiasi gani. Anayesoma ombi kama lilivyowasilishwa mwanzoni, bila kusoma hataza iliyotolewa mwishoni, anaweza kuogopa kitu kisichokuwepo. Wapo pia wanaotumia ombi ambalo bado halijakaguliwa kuwatisha washindani, na kwa maoni yangu wafanyabiashara wengi hunyamaza haraka mno.

Mkaguzi hupinga pia maneno yasiyopimika. Ukiandika "washa nyembamba" atauliza nyembamba kiasi gani. Ukiandika "vali inayofanya gari lisitikisike" atakwambia umedai matokeo, hukudai njia. Na huruhusiwi kuongeza jambo jipya ambalo halikuwemo kwenye maelezo ya siku ya kwanza. Mbavu tatu zisipotajwa tangu mwanzo, haziwezi kukuokoa baadaye.

Kesi inayotajwa sana kuhusu swali la uwazi inatoka Marekani. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya huko, katika kesi ya KSR na Teleflex, iliamua kwamba dai kuhusu pedali ya mafuta inayorekebishika, iliyofungwa kihisio cha kielektroniki, halikustahili hataza kwa sababu mtu mwenye ujuzi angeviunganisha vitu hivyo viwili vilivyokuwa vikijulikana. Uamuzi huo haufungi ofisi za Afrika, lakini swali ni lilelile kwa spea nyingi za magari.

Afrika Mashariki ukaguzi unaweza kufanyika nyumbani au Harare, yalipo makao makuu ya ARIPO. Kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, mvumbuzi hupeleka ombi moja na kutaja nchi anazozitaka. ARIPO hukagua, kisha huzijulisha nchi hizo, na kila moja ina miezi 6 ya kusema kama hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zimo. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazimo katika ARIPO, kwa hiyo huko ni ombi la peke yake.

Hataza ni ya nchi. Ikitolewa kwa Kenya pekee, haimzuii mtu kuuza vali hiyo Mwanza. Tatizo litaanza shehena ikivuka Namanga au Sirari kwenda kuuzwa Kenya. Hata hapo, sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inasema haki ya mwenye hataza haigusi bidhaa ambazo zimekwishaingizwa sokoni nchini humo au katika nchi nyingine yoyote. Anayeagiza shokapu halisi kutoka Dubai badala ya kwa wakala wa Nairobi ana hoja hapo. Usidhani nchi jirani zina kifungu hichohicho.

Wasafirishaji wana kinga yao. Mkataba wa Paris, ambao nchi zote sita nilizozitaja ni wanachama, unasema vifaa vilivyofungwa kwenye gari linaloingia nchi nyingine kwa muda havihesabiwi kuwa vimevunja hataza. Shokapu iliyo chini ya lori lako inapita. Maboksi yaliyo juu ya lori ni bidhaa, na hayana kinga hiyo.

Bidhaa bandia ni suala jingine. Boksi lenye jina la kiwanda lililoigwa linahusu alama ya biashara, na Kenya ina sheria ya bidhaa bandia ya mwaka 2008. Hapo hakuna haja ya kubishana kuhusu vali.

Kwa fundi wa jua kali aliyebuni vali yake, asiiuze wala kuionyesha kwenye maonyesho kabla ya kuwasilisha ombi. Baadhi ya sheria hutoa muda wa msamaha, nyingine hazitoi. Baada ya ombi la kwanza ana miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine bila kupoteza tarehe yake. Kama maboresho ni madogo, ARIPO husajili pia cheti cha uvumbuzi mdogo, cha miaka 10.

Kwa anayeagiza, Patentscope na Espacenet husomwa bure kwenye intaneti. Tafuta namba iliyo kwenye boksi, soma dai la kwanza la hataza iliyotolewa, halafu uliza ofisi ya hataza ya nchi unakopeleka mzigo kama ada ya mwaka imelipwa. Ada isipolipwa hataza hufa, hata kama maboksi yameshachapishwa.