Kati ya Lumbesa na Fungu

Kamusi zetu hueleza kwamba dalali ni mtu anayeuza mali ya mwingine kwa ujira. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuonyesha njia. Wakulima wengi wa Nyeri wamelitupa, wakachukua "broka", nalo hulitamka kwa uchungu, kama jina la mtu aliyeifunga njia.

Nianze na vipimo, maana hapo ndipo lugha na njaa hukutana. Mkulima wa Wamagana, katika Tetu, akiuza viazi hutakiwa kujaza lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kilemba cha nyavu hata likakaribia kimo cha mtoto wa shule. Hulipwa bei ya gunia moja. Kilomita 150 hivi kutoka hapo, Mathare au Mukuru, mama mboga huuza viazi hivyo hivyo kwa fungu, vinne au vitano juu ya kipande cha turubai. Maskini wa kwanza huuza kwa kipimo kikubwa kuliko vyote. Maskini wa pili hununua kwa kipimo kidogo kuliko vyote. Baina ya vipimo hivyo ndimo pesa za wote wawili zinamopotelea, na ndiyo sababu mtoto wa mtaa wa mabanda hula sukuma wiki iliyonyauka ilhali kabeji inaozea shambani.

Sheria ipo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliamuru gunia lisizidi kilo 50. Lakini kanuni bila mizani shambani ni maneno matupu.

Na ajabu ni kwamba mizani si kitu kigeni kwa mkulima huyu. Majani yake ya chai hupimwa kwa kilo kituoni, na buni yake hupimwa kiwandani. Mkoloni aliwazuia Waafrika wengi kulima kahawa hadi miaka ya hamsini. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipoufungua mlango, zao hilo likaja na vyama vya ushirika, karani na mizani. Kinywaji cha watu wa ng'ambo kikapimwa kwa kilo, chakula cha jirani kikaachwa kikadiriwe kwa macho!

Simtukani broka. Ndiye mwenye lori, ndiye alipaye ushuru, na nyanya zikiharibika njiani hasara ni yake. Akiondolewa pasipo kuwekwa kitu mahali pake, mboga hazitafika Marikiti asilani. Lakini akina mama mboga wa mtaa mmoja, ambao aghalabu wana chama cha kuweka akiba, wakiagiza kwa pamoja hujaza lori. Ghala na mizani ya ushirika wa kahawa, msimu ukipita, zaweza kupokea viazi. Tena tangu 2023 ziko jikoni za Dishi na County jijini Nairobi, ambako mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo wa mwanafunzi. Huyo ni mnunuzi ajuaye leo atakachohitaji kesho.

Mwalimu wa hisabati wa Wamagana hana haja ya kungoja serikali. Awapeleke wanafunzi sokoni na mizani, wapime lumbesa tano, wazigawe kwa mafungu ya Mathare, kisha hesabu hiyo waibandike ukutani mwa ofisi ya ushirika, mahali ambapo broka naye ataisoma.