Rasimu ya leseni za teksi ni orodha ya bei

HALMASHAURI ya mji nchini Uingereza inapotangaza kwamba inakusanya maoni ya wananchi kuhusu sera ya leseni za teksi, ni rahisi mwenye gari kulipita tangazo hilo akidhani ni mambo ya madiwani. Akilipita, amekosea hesabu. Ndani ya rasimu hiyo mna umri wa gari atakaloruhusiwa kuliweka barabarani, vifaa atakavyolazimika kununua na idadi ya washindani atakaowakuta kijiweni. Kwa mfanyabiashara, yote hayo ni bei.

Tunazungumzia England, nje ya London. Huko sheria inaigawa biashara hii mafungu mawili. Kuna teksi za kijiweni, ambazo asili yake ni sheria ya mwaka 1847. Hizi zinaruhusiwa kuchukua abiria barabarani, na halmashauri inaweza kupanga kiwango cha juu cha nauli zake. Kuna pia magari ya kuagizwa, yaliyowekewa utaratibu na sheria ya mwaka 1976. Abiria wa magari haya hana budi kupitia kwa wakala mwenye leseni, na nauli ni maelewano.

Kibao chenye thamani ya kuazima

Sheria ya Usafiri ya mwaka 1985 inairuhusu halmashauri kukataa kutoa leseni mpya za teksi za kijiweni pale tu inaporidhika kwamba hakuna mahitaji makubwa ya abiria yasiyotimizwa. Magari ya kuagizwa hayawezi kuwekewa ukomo wa namna hiyo.

Hapo ndipo mwekezaji mdogo hunaswa. Mji ukiweka ukomo, leseni huadimika, na kitu adimu hupanda bei. Anayetaka kuingia kwenye biashara humlipa anayetoka, na malipo hayo huzidi sana thamani ya gari lenyewe. Lakini anachonunua ni uamuzi wa halmashauri, na uamuzi huo unaweza kubadilishwa baada ya mzunguko mmoja wa maoni.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya bahari, Dublin, Ireland. Leseni za teksi huko zilikuwa zikiuzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni. Oktoba 2000 Mahakama Kuu ilitamka kwamba hakuna haki ya kisheria ya kuzuia leseni mpya kwa ajili ya kuwalinda waliomo. Mwezi uliofuata serikali ikafungua mlango, na leseni mpya ya gari la kawaida ikatolewa kwa pauni 5,000 za Ireland. Katika miaka michache idadi ya teksi ikaongezeka zaidi ya mara tatu. Jopo lililoundwa kuangalia walioumia lilipendekeza mwaka 2002 malipo ya kati ya euro 3,000 na 15,000 kwa waliopata dhiki kubwa kupindukia. Aliyekuwa amekopa kununua leseni alibaki na deni lake.

Hesabu ya umri wa gari

Hata pasipo na ukomo, kifungu kimoja cha rasimu kinaweza kula faida. Tuseme mtu amenunua gari kwa pauni 18,000 akitarajia kulitumia miaka 10. Kila mwaka gari linamla pauni 1,800. Rasimu ikishusha umri hadi miaka 7, gharama hiyo inakuwa pauni 2,571. Tofauti ni pauni 771 kwa mwaka, kabla ya mafuta, bima na matengenezo. Kiasi fulani atakirudisha akiliuza gari, lakini hakitaziba pengo lote.

Hata hivyo haifai kuyaona masharti yote kuwa ni uonevu. Rotherham ni funzo. Ripoti ya Agosti 2014 ilikadiria kwamba watoto 1,400 walidhulumiwa kingono mjini humo kati ya mwaka 1997 na 2013, na ikataja nafasi ya madereva wa teksi katika baadhi ya matukio. Sera mpya ya mwaka 2015 ilidai kamera ndani ya magari. Baadhi ya madereva walipinga. Lakini abiria aliyepoteza imani hapandi, na biashara bila abiria haina thamani hata leseni ikiwa bure.

Mlango wa kusemea

Viwango vya kitaifa vilivyotolewa Julai 2020 viliziagiza halmashauri kupitia sera zao angalau kila miaka 5, na kutafuta maoni kabla ya mabadiliko yanayogusa sana abiria au wafanyabiashara. Mahakama nazo zimeweka msingi tangu shauri la Brent la mwaka 1985: maoni yakusanywe kabla uamuzi haujafungwa, sababu zielezwe, muda utoshe, na yaliyosemwa yapimwe kwa dhati.

Kwenye fedha kuna siku za kuhesabu. Chini ya sheria ya 1976, nauli mpya hutangazwa katika gazeti la mji na kuachiwa siku zisizopungua 14 za kupinga. Ada za leseni za magari na mawakala zikivuka kiwango kilichotajwa kwenye sheria, muda ni siku zisizopungua 28. Anayenyimwa leseni ana siku 21 za kukata rufani mahakamani.

Madiwani nao wana mizani yao. Dereva aliyepewa leseni na Wolverhampton anaweza kufanya kazi za kuagizwa katika miji mingine, na wengi wamekwenda huko kuchukua leseni. Mji ukikaza mno, magari hayapungui. Hubadilisha tu halmashauri inayoyasimamia.

Ushauri wetu kwa mwenye mtaji mdogo ni huu. Kabla ya kulipia gari au leseni ya mtu mwingine, uliza sera ya mji ilipitiwa lini na itapitiwa tena lini. Rasimu ikitoka, isome ukiwa na kalamu, kisha peleka hesabu ya gharama zako kwa maandishi. Lalamiko lisilo na tarakimu diwani hana pa kuliweka. Na usikope kwa dhamana ya kibao ambacho thamani yake inategemea mkutano wa watu wengine.