Nganda: Neno la Wavuvi Lililoingia Baa

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza neno ambalo kila mkazi wa Bukavu analifahamu, ijapokuwa wachache huuliza lilikotoka. Neno lenyewe ni nganda, yaani mahali padogo pa kunywea, aghalabu uani mwa nyumba ya mtu, penye viti vichache, chupa za Primus na samaki wa kuchoma.

Katika Kilingala, nganda ilikuwa kwanza kambi ya muda ya wavuvi kando ya mto. Humo walilala, wakakausha samaki na kupokea wachuuzi. Pombe haikukosekana, wala kelele. Mjini Kinshasa, wanawake waliouza samaki na bia majumbani mwao walilirithi neno hilo. Kisha likasafiri kwa njia ya jeshi na muziki, vyombo viwili vikuu vya Kilingala, hadi kwetu Ziwa Kivu. Hapa lilikuta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na wavuvi wengine: wale wa sambaza, samaki walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Tukitazama pwani, tunaona mkondo ulio sawa. Mombasa, mahali pa kunywea tembo la mnazi huitwa mangwe, ilhali baa ni neno lililotokana na Kiingereza. Barabara ya Kilindini, ambayo baadaye iliitwa Moi Avenue, ilivuma kwa baa zake, ambamo mabaharia wa mataifa mengi waligombana, wakapatana na kuimba usiku ule ule. Zamani meli ilikaa bandarini majuma kadhaa. Tangu makontena yalipoenea, hupakuliwa kwa siku chache, na baharia hapati wasaa wa kushuka. Baa za namna ile zimefifia, na misemo iliyozaliwa humo inafifia pia.

Wasomi wengi huona haya kutafuta lugha ulevini. Lakini nganda inatufundisha kwamba mahali pa fujo palikuwa pia mahali pa kubadilishana maneno, kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wa kusahihisha. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu na aende kwa wazee wa bandarini, awasikilize na kuandika. Wanaokumbuka wanatutoka mmoja mmoja, na neno lisiloandikwa huzikwa pamoja na msemaji wake.