Mwezi wa saba: juu ya nini lengalenga inageuka njano

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita, ba mama wenye kulima pembeni ya maji mu Dilala wanaona jambo moja: lengalenga inakataa kukomaa, mihindi ya kumwangilia inatoka na majani ya njano, lakini shu ya jirani inanenepa tu. Wengi wanasema udongo umechoka. Wananunua ure, wananunua dawa, na feza ya baba inaishia mu bustani.

Mara nyingi ni baridi tu. Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1.400, na mu miezi hii hakuna mawingu ya kuzuia joto ya udongo isipande. Usiku inaweza kushuka chini ya digri 10. Tena hewa ya baridi ni nzito: inateremka sawa maji na kulala mu mabonde, kule kule tunalima.

Lakini ubaya wenyewe unakuja asubuhi. Wachimbaji wataelewa mbio: jani ni sawa usine. Mwangaza wa jua ni malori yenye kuleta mawe. Ndani kuna anzimu, vitu vidogo sana vyenye kusaidia kugeuza hewa na maji kuwa sukari. Baridi inavilegeza, lakini malori haisimame. Jua ya saa mbili inapiga kabisa. Mawe inajaa, mashini inavunjika. Ule mwangaza wenye kubakia bila kazi unaharibu jani lenyewe. Jani linaweza kujitengeneza, ndiyo, ila kama baridi inarudi kila usiku, halipate nafasi.

Mihindi na lengalenga zinatengeneza sukari kwa njia yenye kupenda joto. Jani la muhindi lenye kuzaliwa mu baridi, chini ya digri 15 hivi, linatoka njano tangu mwanzo. Shu na kitunguu, hapana: hizo zinavumilia. Na ure? Mizizi ya baridi inakunywa polepole, njo maana haionekane kusaidia.

Basi, bondeni tupande shu. Lengalenga ipande kidogo ku mulima. Miche tuifunike na nyasi magaribi, na tusiifunue mbio asubuhi. Tungoje hewa ipate joto. Udongo usikauke, juu udongo wa maji unachunga joto ya muchana.

Kama majani ingali njano hata mwezi wa kumi, joto imekwisha kurudi, hapo baridi haina kosa: tuangalie udongo na maji tunayomwangilia.