Kukarabati Plastiki za Redio Kaseti

Redio kaseti ya kubeba mkononi huchoka plastiki kabla ya nyaya. Mota, spika na bodi ya ndani huweza kudumu miaka 40, lakini ulimi wa mfuniko wa betri, bawaba ya mlango wa kaseti na vitufe hukatika mapema. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, nchini Tanzania, mfuniko wa betri ulikuwa na kila sababu ya kuchakaa. Kwa muda mrefu miji ya wilaya hizo ilitegemea majenereta ya dizeli, na vijiji vingi havikuwa na umeme kabisa. Redio iliendeshwa kwa mawe, yaani betri kavu kubwa, na mfuniko ulifunguliwa kila mara mawe yalipotolewa kuanikwa juani yapate nguvu kidogo. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilipoanzisha Radio Kwizera mjini Ngara, wasikilizaji wake wenye redio hizo walikuwa wenyeji pamoja na wakimbizi wa Rwanda na Burundi waliokuwa kwenye kambi kama Benaco na Lukole.

Kabla ya kushika gundi, fundi huanza kwa kujua plastiki iliyo mbele yake. Bodi za nje nyingi ni za ABS au polistireni. Gia ndogo za ndani huwa ni za asetali, plastiki nyeupe yenye utelezi. Tone la asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, likiwekwa kwenye kona isiyoonekana hutoa jibu: ABS na polistireni hulainika na kunata, asetali haishtuki. Kinacholainika kinaweza kuunganishwa na asetoni yenyewe, kwa sababu pande mbili huyeyuka kidogo na kushikana zikikauka. Pengo likiwa kubwa, vipande vya plastiki ya aina ileile hulowekwa usiku kucha ndani ya asetoni, kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, mpaka viwe kama uji mzito wa kuzibia. Kazi hii hufanyika mbali na moto na mahali penye hewa.

Supa gluu ndiyo inayokimbiliwa na wengi, na kwa ufa usiobeba uzito inafaa. Ubaya wake ni kwamba ikikauka ni ngumu lakini haipindi, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye dirisha angavu la mlango wa kaseti. Kwa ulimi wa mfuniko, unaopinda kila unapofunguliwa, gundi peke yake ni kazi ya wiki moja. Hapo panahitajika mfupa: kipande cha waya mwembamba wa shaba kinapashwa moto kwa chuma cha kulehemu, kinazamishwa kukatiza ufa kwa upande wa ndani, kisha kinafunikwa kwa plastiki iliyoyeyushwa au gundi ya tyubu mbili, yaani epoksi. Pasipo umeme, chuma hupashwa kwenye jiko la mkaa.

Bawaba ya mlango hutengenezeka vizuri kuliko inavyodhaniwa. Kipini kikikatika, kisiki hulainishwa kwa msasa na kutobolewa katikati kwa sindano ya moto. Spoku ya baiskeli, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 2, hukatwa fupi na kusuguliwa ncha, kisha hupachikwa humo kwa gundi ya tyubu mbili. Isiguswe mpaka kesho yake. Kipini hicho huwa imara kuliko cha kiwandani.

Gia ni mtihani mwingine. Asetali haikubali gundi, na mara nyingi gia hupasuka shingoni pale inapobana ekseli ya chuma. Dalili yake ni muziki kuyumba au kugonga kila mzunguko. Shingo ikiwa ndefu ya kutosha, ufa hubanwa kwa kuizungushia waya laini wa shaba. Meno yakiwa yamevunjika, dawa ni kutoa gia kwenye mashine iliyokufa, na ndiyo maana fundi mwenye akili hatupi mabaki.

Petroli haifai kusafishia bodi ya nje. Hula polistireni na kuacha nyufa ndogo zinazojitokeza baadaye. Maji ya sabuni yanatosha kwa bodi iliyovuliwa vyombo vyote vya ndani. Wakati wa kufunga, kila skrubu izungushwe kwanza kinyumenyume mpaka isikike ikitumbukia kwenye njia yake ya zamani, ndipo ikazwe kwa mkono mwepesi, la sivyo inachimba njia mpya na kupasua nguzo iliyoishikilia.