Kupunguza uzito kabla ya mashindano ya pawalifti

Kupunguza uzito kabla ya mashindano ya pawalifti ni desturi ya mnyanyuaji kutoa maji mwilini ili aingie katika kundi la uzito mdogo zaidi, kisha kuyarudisha baada ya kupimwa.

Lita 1 ya maji ina uzito wa takriban kilo 1. Kwa hiyo wanyanyuaji hupunguza chumvi, wanga na maji ya kunywa, au hujitoa jasho kwa mvuke na joto.

Muda wa kurudisha maji hutegemea kanuni. Shirikisho la kimataifa, IPF, huanza kupima muda wa saa 2 tu kabla ya kunyanyua. Mashirikisho mengine hupima siku moja kabla. Aliyejikausha mno chini ya kanuni za IPF hupanda jukwaani akiwa dhaifu.

Maji hunywewa kidogo kidogo pamoja na chumvi na sukari. Kunywa maji matupu mengi kwa mara moja kunaweza kushusha natiri katika damu kwa kiwango cha hatari.

Kujikausha kupita kiasi huweza kuua: mwaka 1997 wanamieleka 3 wa vyuo vya Marekani walifariki wakipunguza uzito kwa njia hizo. Dawa za kuongeza mkojo zimepigwa marufuku na WADA.